Kifungo Chekundu na Misonobari Iliyokonda

Wana wa Kamembe, naomba mfute ile meseji yangu ya asubuhi. Ile niliyosema kuanzia leo mniite Shefu. Ifuteni sasa hivi, kabla sijaendelea. Leo nimeaibika, jamani! Nimeaibika katikati ya msitu, mahali ambapo hata watu ni wa kutafuta, na bado wakapatikana wa kuniona.

(Saidi, wewe uliyejibu kwa picha ya taji, anza wewe.)

Nianze na kazi yenyewe, maana kuna watu humu mpaka leo mnadhani nachoma makaa. Sichomi makaa! Napima misonobari. Ile iliyopandwa kwa mistari kule juu, pembeni ya Nyungwe, mnayoiona kwenye basi la Kigali pale kichefuchefu kinapoanza. Mradi unataka kujua msitu ule umeshika kaboni kiasi gani. Kaboni inatoka kwenye hewa, mti unaivuta na kuigeuza mwili wake. Na kwa kuwa hatuwezi kuupeleka msonobari mzima kwenye mizani, tunapima unene wake, tunaingiza kwenye hesabu, hesabu inatuambia uzito, na uzito unatuambia kaboni. Nyingine imejificha kwenye udongo. Hiyo tunaichota kwa bomba la chuma, udongo unakaushwa, unapelekwa maabara. Ni kazi ya halali na mama yangu huiombea dua.

Sasa hapa msikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipozikwa. Mti haupimwi popote unapojisikia. Chini ni mnene, juu ni mwembamba. Ukiupima leo kwenye magoti na kesho kwenye mabega, utasema ni miti miwili. Kwa hiyo wapimaji wamekubaliana: mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, na kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Kila mpimaji anapewa fimbo ya urefu huo. Anaisimamisha kando ya mti, anatia alama ya chaki, anazungusha utepe, anasoma.

Mimi fimbo niliona ni ya wanaoanza. Nina mikono miwili tu! Utepe, chaki, simu, halafu fimbo tena? Nikafikiria (huwa nafikiria, ndiyo shida yangu). Nikavaa buti zangu za kazi, nikajipima kwa utepe, mita moja na thelathini ikaangukia kwenye mbavu za chini. Mimi mrefu, mnanijua. Basi hapohapo kwenye koti langu la kazi nikashona kifungo. Chekundu, kikubwa kama kifuniko cha soda, nilikitoa kwenye kopo la vifungo la mama. Tangu siku hiyo nikaachana na fimbo. Naukumbatia mti, kifungo kinagonga gamba, nakisikia mbavuni, natia chaki, naenda mbele. Nilikuwa namaliza mstari mzima, mwenzangu bado anabishana na fimbo yake kwenye matope.

Huyo mwenzangu ni Esperansi. Msichana wa Bugarama, baba yake analima mpunga, na yeye hana haraka na kitu chochote duniani. Mimi na yeye ndio tuliokuwa tunagombea ushefu wa ekipe, yaani kukiongoza kikundi chetu cha wapimaji. Na ushefu si jina tu, ndugu zangu. Mzunguko huu wa kupima ukiisha, ekipe nzima inarudi nyumbani. Anayebaki na kazi ni shefu, pamoja na msaidizi mmoja ambaye shefu mwenyewe anamchagua. Mimi nilishatangaza mpaka nyumbani kwamba nikipata, yule wa fimbo simchagui. Nilitaka hiyo kazi kuliko kitu chochote mwaka huu. Nawaambia ukweli, nilishaanza kutembea kama shefu.

Mtihani ulikuwa leo. Mkubwa wetu, Madamu Vestine, alikuja kutoka Kigali, na tangu jana alikuwa ametutumia sharti rahisi: kila mmoja arudie kipande cha msitu alichokipima wiki chache zilizopita. Msonobari haubadiliki kwa wiki chache. Ambaye vipimo vyake vitafanana na vile vya kwanza, huyo ndiye shefu. Nilipolisikia hilo sharti, jana, nilicheka kwa sauti. Nikamwambia mama atafute nyama ya pilau kabisa.

Mama mnamjua. Cherehani yake iko pale karibu na msikiti, na nusu ya suruali za humu ndani zimepita mikononi mwake. Jana alifua koti langu. Nilimwona analikung'uta, analigeuza, analitazama kwa ile sura yake ya kikazi. Mimi nikaenda kulala. (Mtu hulala vizuri sana kabla ya kuumbuka.)

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka Gihundwe. Koti nilifunga kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa unawaandikia nyinyi ile meseji ya Shefu. Mvua ikaanza kudondoka, nikavaa nailoni juu ya koti. Mama alikuwa mlangoni. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akatabasamu.

"Leo unafanana muntu mukubwa," akasema.

Nikadhani ni baraka za mzazi tu. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikaondoka.

Kule msituni nikamkuta Esperansi ameshafika, fimbo begani, bomba la udongo mkononi. Sikuweza kujizuia.

"Dada, na hiyo fimbo, ng'ombe umewaacha wapi?"

"Ng'ombe iko hapa," akajibu bila kugeuka. "Njo ile inaongea na miye."

Ekipe ikacheka. Mimi pia nikacheka, cheko la mtu ambaye jioni atakuwa mkubwa wao.

Tukaanza. Mvua nyembamba, nailoni inateleza, mimi nakumbatia miti. Kumbatia, gonga, chaki, utepe. Kumbatia, gonga, chaki, utepe. Ni kweli mara moja nilihisi kifungo kinanigusa juu kidogo. Nikajiambia ni nailoni imevuta koti. Alama za zamani zilikuwa zimeshafutwa na mvua, kwa hiyo hakukuwa na cha kunishtua. Nikamaliza kipande changu wakati Esperansi hajafika hata nusu ya chake. Nikakaa juu ya kisiki, nikakunja nne, nikamsubiri Madamu.

Madamu akaja na tableti yake. Akasoma vipimo vyangu vya leo, akasoma vya zamani. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Yusufu, miti yako imekonda."

"Mti gani, Madamu?"

"Yote."

Jamani, mtu mwenye akili hapo angesema: naomba nirudie. Neno dogo tu! Lakini mimi nilikuwa nimekaa juu ya kisiki kama shefu, na ekipe nzima ilikuwa inasikiliza. Nikasimama, nikashika msonobari uliokuwa karibu, nikaanza kufundisha. Nikasema miti nayo ina uchovu wake. Nikasema baridi ya wiki hizi imekuwa kali, msonobari ukipigwa na baridi unajikaza, unajibana, ndiyo tabia yake. (Sijui hayo maneno yalikuwa yanatoka wapi. Yalikuwa yanakuja tu!) Vijana wetu wa kufyeka njia wakawa wanaitikia kwa vichwa. Nikanogewa.

Madamu akaniacha mpaka nikamaliza. Ni mwanamke mwenye adabu sana.

"Sawa," akasema. "Mti ukikonda, kaboni yake inapungua. Hiyo iliyokuwa ndani imekwenda wapi?"

"Imeshuka, Madamu."

"Imeshuka wapi?"

"Kwenye udongo."

Watu wote wakageuka kumtazama Esperansi, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika bomba la udongo. Akaliinua bomba taratibu, akafumba jicho moja, akachungulia ndani.

"Sijaiona ikipita," akasema.

Hapo walicheka mpaka ndege wakaruka. Masikio yangu yalipata moto, na mvua yote ile!

Madamu hakucheka. Akamwambia Esperansi achague miti mitatu kwenye kipande changu, aipime kwa fimbo yake. Esperansi akaenda, pole pole, akasimamisha fimbo, akatia chaki, akazungusha utepe. Mti wa kwanza ukatoka sawasawa na vipimo vyangu vya zamani. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Miti ilikuwa imenenepa tena mbele ya macho yangu! Na kila mti sasa ulikuwa na alama mbili za chaki: yake chini, yangu juu, katikati shibri nzima.

Basi nikaanza kuishambulia fimbo. Nikasema imekatwa. Nikasema kama haijakatwa, basi imezama kwenye matope. Madamu akatoa utepe mfukoni, akaipima fimbo. Mita moja na thelathini, haina hata unywele wa kuongeza. Akaifuta matope, akamrudishia mwenyewe.

Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mimi nikapandisha sauti.

"Madamu, fimbo ni mti, inaweza kudanganya. Mimi kipimo changu kiko mwilini! Nilikipima mwenyewe, na buti miguuni. Natembea nacho, hakiwezi kukosea hata kidogo."

Nikavua nailoni mbele ya watu wote. Nikatoa kifua nje. Nikaelekeza kidole kwenye mbavu za chini, macho yangu yakiwa kwa Madamu, wala sikutazama chini.

"Hiki hapa!"

Nikaona macho ya Madamu hayako kwenye kidole. Yako juu zaidi. Nikainamisha kichwa. Kidole changu kilikuwa kimeshika kitambaa kitupu. Kifungo chekundu kilikuwa juu, katikati ya kifua, kimejipanga na vile vyeusi vya koti, mahali palepale ambapo kifungo kimoja kilikatika tangu mwaka jana. Kimeshonwa kwa uzi mara mbili. Tundu lake limepanuliwa kikaingia vizuri, na kingo za tundu zimedariziwa. Kazi safi kabisa, hata mimi nilikiri moyoni.

"Kiko wapi?" akauliza Madamu.

"Kilikuwa hapa, Madamu."

"Na sasa?"

"Sasa... kimepanda."

"Miti imekonda," akasema Esperansi, anahesabu kwa vidole, "kaboni imeshuka, kifungo imepanda. Iyi musitu leo iko na mambo."

"Ni mama yangu!" nikapiga kelele. "Mama ndiye amekihamisha!"

Madamu akaelekeza kidole kwenye mfuko wangu wa simu. "Mpigie," akasema.

Mnaijua simu yangu. Tangu ilipoanguka kwenye beseni haisikiki bila spika. Nikasogea pembeni, nikatafuta mtandao, simu ikashika mnara wa ng'ambo ya mpaka, ikanikaribisha Kongo kwanza, ndipo ikaita. Na msitu ule, mvua ilikuwa imekatika, ulikuwa kimya kabisa. Mama akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Allo, Shefu yangu! Bamekupa?"

(Naomba mnione hapo nilipo. Simu mkononi. Ekipe nzima nyuma yangu.)

"Mama, ngoja kwanza. Wewe ndiye uliyehamisha kifungo cha koti langu?"

"Umeona, eh! Nilikuta nafasi iko bule ku kifua, na kifungo iko peke yake kule chini ku tumbo, kama koti ya mulevi. Nikasema hapana! Mutoto yangu hataenda kuonana na bakubwa hivi, bantu batasema hana mama. Nikakitoa, nikakiweka ku nafasi yake. Na tundu nikaipanua. Iko muzuri, si njo?"

"Iko muzuri, Mama. Lakini kile kilikuwa kipimo."

"Kipimo ya nini?"

"Ya miti."

Nikasikia cherehani yake imesimama.

"Yusufu. Mimi napima bantu tangu haujazaliwa. Siku gani uliniona napima muntu na kifungo?"

Nyuma yangu kuna mtu alianza kukohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko kwa nguvu zote. Nikamwambia mama nitampigia baadaye. Lakini mama akishapokea simu, anayekata ni yeye.

"Na ule musichana wa fimbo, umemushinda? Ule unasemaka anapima pole pole sawa anachunga ngombe?"

Nilifunika simu kwa kiganja. Hakuna kilichofunikika. Esperansi akasogea mpaka karibu, akainama kwenye simu kwa heshima zote.

"Jambo, Maman. Njo miye, wa fimbo."

"Aaa! Jambo, mutoto yangu!" Mama hakutetereka hata kidogo. "Uko muzima? Basi kuja magaribi kwetu, tuko napika pilau ya ushefu. Yusufu atakuonyesha nyumba."

"Asante, Maman. Nitafika."

Simu ikakatika. Esperansi akarudi kumaliza kipande chake, na vipimo vyake vyote vikafanana na vile vya kwanza. Madamu Vestine akasema mbele ya ekipe nzima kwamba shefu ni Esperansi, na kwamba kila mti nilioupima kwa kifungo utarudiwa kwa fimbo, na atakayeurudia ni mimi. Alisema bila kucheka, namheshimu kwa hilo. Kisha akaingia kwenye gari, akapandisha kioo, na hapo nikaona mabega yake yanatikisika.

Safari ya kurudi niliinama njia nzima. Sitawadanganya, iliniuma. Kicheko nitakizoea. Kilichoniuma ni ile kazi niliyokwishaihesabu kuwa yangu, na mama aliyenunua nyama. Nilipofika nikakuta viatu vya majirani vimejaa mlangoni. Mama akatoka na mwiko mkononi, akanitazama usoni, wala sikuhitaji kusema.

"Bamekukatalia."

"Wamempa yule wa fimbo."

Akashusha mwiko. "Nilitaka tu upendeze," akasema kwa sauti ndogo. Nikajifanya nakunja nailoni.

Nilifikiri Esperansi hatakuja. Nani anakuja kula pilau ya mtu aliyemshinda? Esperansi anakuja! Alifika juu ya moto magharibi hiihii, amevaa kitenge, na fimbo ameifunga ubavuni mwa pikipiki kwa mpira. Mama akampokea kama mkwe wa rais. Akamkalisha mahali nilipopangiwa mimi, akampa sahani niliyowekewa mimi, ile yenye nyama za juu. Majirani waliokuja kumpongeza Shefu wakampongeza Shefu. Hakuna aliyeona tatizo.

Esperansi alipomaliza sahani ya kwanza akafuta mikono, akasema, "Maman, shefu anachaguaka musaidizi. Miye nitabaki na Yusufu, maana ana mbio. Lakini fimbo atabeba yeye."

Mama akapiga kigelegele, nyumba nzima ikaitikia. Basi ndiyo hivyo, sindano ya mama ilinitoa kazini asubuhi, na sufuria yake imenirudisha jioni.

Na ningekomea hapo ingekuwa nafuu. Lakini mama akaichukua ile fimbo, akatoa utepe wake shingoni, akaipima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanisimamisha ukutani mbele ya wageni, miguu mitupu, fimbo ubavuni, sindano mdomoni mwake. Kifungo chekundu kinarudi mbavuni. Nikajisemea acha ashone, roho yake itulie.

"Maman," akasema Esperansi, mdomo umejaa, "ku musitu anavaaka buti."

"Kumbe! Yusufu, vaa buti."

"Mama, juu ya mkeka?"

"Vaa!"

Kwa hiyo nawaandikia nikiwa nimesimama ukutani sebuleni kwetu, buti za matope miguuni, mama amepiga magoti anatia uzi, nimekatazwa hata kupumua kwa nguvu. Ambaye alishacheka, basi, nimemsamehe. Ila anayetaka kumpongeza Shefu afanye haraka, maana yuko kwenye sahani ya tatu na sijui kama ya kwangu itabaki.